Santuri Zimerudi, Lakini Usinunue Mashini Itakayokula Sahani za Babu

Wasee wa Kilifi na Malindi, hii story ya santuri si fasheni ya Insta pekee. Marekani, mwaka wa 2022, santuri ziliuza kushinda CD: karibu milioni 41 dhidi ya milioni 33. Haikuwa imefanyika tangu 1987. Hapa kwetu, Jimmy Rugami, yule Real Vinyl Guru wa Kenyatta Market, Nairobi, amekuwa akiuza santuri kwa zaidi ya miaka 30.

Sasa vijana wa Pwani wanafungua makabati ya wazee. Ndani kuna taarab, chakacha, rumba ya Les Wanyika, Them Mushrooms, Fadhili William. Swali linalofuata ni moja: nachezea nini?

Wengi hukimbilia ile mashini ndogo ya sanduku. Iko cute, iko na spika ndani, na haiumi mfuko. Shida iko kwa sindano. Nyingi za hizo hubonyeza sahani kwa gramu 5 hivi, wakati mashini ya maana hubonyeza kama gramu 2. Ile ya sanduku haina hata mahali pa kurekebisha uzito. Kila ukicheza, mifereji inalika kidogo. Album mpya ya Beyoncé ikiharibika utanunua ingine. Lakini sahani ya taarab iliyotolewa Mombasa kitambo, na haiko YouTube wala Spotify? Hiyo ikiisha, imeisha.

Kwa hivyo kabla utoe doh, cheki haya.

Kasi. Singo za zamani ni 45, album ni 33. Lakini zile nzito zinazovunjika kama sahani ya chakula, enzi za Siti binti Saad aliyerekodi Bombay 1928, ni 78. Audio-Technica LP60X, chaguo la wengi wanaoanza, haina 78. LP120X inayo, lakini bado utahitaji sindano nene ya 78. Na singo yenye tundu kubwa inataka kile kiplastiki cha katikati.

Stima. Anko akikutumia mashini ya zamani kutoka Marekani, soma nyuma kwanza. Kwao ni 120V na 60Hz, kwetu ni 240V na 50Hz. Transfoma itashusha volti, lakini hiyo 50 haibadiliki. Mota za zamani zinazofuata stima zitazunguka polepole, na mwimbaji atasikika kama amekula muguka usiku mzima.

Preamp. Sauti ya sindano ni ndogo sana. Kama mashini haina preamp ndani, ukiunganisha na spika zako utasikia kama mbu. Uliza kabla ya kulipa.

Mkanda. Mashini nyingi za bei nafuu huzungushwa na mkanda wa mpira. Mpira hulegea, na joto letu halisaidii. Uliza kama mkanda na sindano za kubadilisha zinapatikana. Technics SL-1200, ile ma-DJ wanaipenda na iliyotoka mara ya kwanza 1972, haina mkanda kabisa, ndio maana hata ya mitumba bado ni ghali.

Na tusisahau tunaishi wapi. Hewa ya bahari hushikisha chuma kutu, unyevu huleta ukungu kwa sahani, na jua la mchana ndani ya gari lililofungwa litapinda santuri kama chapati. Simamisha sahani wima, kwa kivuli, na mashini uifunike.

Mwisho wa siku, kama ganji haijatosha, ngoja. Kaa na sahani za babu bila kuzicheza mpaka upate mashini ya maana. Na siku ya kwanza ukiicheza, rekodi kwa simu au laptop papo hapo. Wanunuzi kutoka ng'ambo wanazitafuta hizi singo sana, na nyingi zimeshapanda ndege. Zilizobaki kwa kabati zenu zinakungoja wewe.

Kwenu kuna santuri gani? Uliza nyanya leo, kabla ya mtu mwingine kubisha hodi na pesa mkononi.