Maharagwe ya Gredi ya 4 si kazi ya mama

Msimu wa kujifunza mbegu shuleni ukifika, wazazi wengi hukumbuka saa mbili usiku kwamba kesho yake mtoto anatakiwa kufika darasani na mche wa maharagwe. Basi mama hukimbia kwa jirani mwenye bustani, akang'oa mche, akaufukia mkebeni, na asubuhi mtoto akaubeba kana kwamba aliupanda yeye. Wenye pesa kidogo huenda saiba wakachapishiwa picha za rangi za mbegu ikiota, zikabandikwa kwenye karatasi ya manila, mwalimu akatia sahihi na mambo yakaisha.

Kwa maoni yangu, mtoto huyo amenyang'anywa somo, na aliyemnyang'anya ni mzazi wake mwenyewe.

Si kwamba hofu ya wazazi haieleweki. Wengi wetu tulisoma sayansi ya msingi kwa ubao na chaki. Mtihani wa KCPE, uliofanywa kwa mara ya mwisho mwaka wa 2023, ulimtaka mtahiniwa achague A, B, C au D, na mtu angeweza kupita maswali yote kuhusu kuota kwa mbegu bila kuwahi kuiona hata moja ikiota. Mtaala wa umilisi, ulioanza kote nchini mwaka wa 2019, unamtaka mtoto atende. Mzazi naye akisikia kwamba kazi hiyo ina alama, huona heri aifanye mwenyewe isiharibike.

Hebu tulitazame jaribio lenyewe. Loweka maharagwe machache usiku kucha. Twaa mikebe miwili, iwe ya Kasuku au hata vikombe vya maziwa ya mala, uitoboe chini, utie udongo wa aina moja na upande mbegu nne katika kila mmoja, kina kiwe kama pingili moja ya kidole. Mkebe mmoja ukae dirishani, wa pili ufungiwe kabatini. Yote miwili ipewe maji kwa kipimo sawa. Miche ikishatokeza, mtoto aipime kwa rula kila baada ya siku mbili na aandike. (Msishangae ikiwa binamu yake wa Mombasa ataona mche mapema kuliko yeye aliye kwenye baridi ya Limuru. Hilo nalo ni somo.)

Sasa muulize mtoto: ni mkebe upi utakaokuwa na miche mirefu? Atasema wa dirishani, na wazazi wengi watamuunga mkono, maana kila kitabu kimeandika kwamba mmea unahitaji mwanga. Lakini siku chache baada ya miche kutokeza, mtakuta ile ya gizani ndiyo mirefu. Itakuwa myembamba, mashina meupe, na vijani vidogo vya rangi ya manjano.

Hapo ndipo mambo huharibika. Nimewahi kuliona daftari la msichana mmoja aliyeandika alichokiona kwa macho yake, kwamba mche wa kabatini ulikuwa mrefu zaidi. Alitiwa alama ya kosa kwa kalamu nyekundu. Nyumbani mama yake akafuta sentensi ile na kumwandikisha jibu la kitabu. Mtoto wa miaka tisa akafunzwa siku hiyo kwamba macho yake humdanganya, na kwamba sayansi ni kuandika anachokitaka mkubwa.

Ilhali hakukosea. Mbegu ya maharagwe hubeba chakula chake yenyewe katika vile vipande viwili vinene unavyoviona ukiimenya ganda, na chakula hicho hutosha kuuanzisha mche hata gizani. Mche uliokosa mwanga huitumia akiba hiyo kurefuka upesi ili uufikie mwanga, kama unavyofanya ukiwa bado chini ya udongo. Akiba ikiisha kabla haujaufikia, mche hulegea na kufa. Kitabu hakikusema uwongo. Kilisema mwisho wa habari, naye msichana yule aliona katikati yake. Mwalimu ambaye angemuuliza tu, "Mche mrefu na mche wenye afya ni kitu kimoja?" angepata somo la juma zima bila kununua chochote.

Walimu watasema darasa lina watoto sitini na vifaa hakuna. Ni kweli katika shule nyingi za umma. Hata hivyo, mradi wa SMASE, ulioanzishwa mwaka wa 1998 kwa ushirikiano wa Kenya na Japani kwa ajili ya shule za sekondari na baadaye ukafika shule za msingi, uliwahimiza walimu watumie vitu vinavyopatikana walipo badala ya kungoja maabara. Mkebe mmoja waweza kutosha watoto sita.

Linalonitia wasiwasi zaidi ni mikono ya hao sita. Tazameni kikundi chochote: aghalabu mvulana mmoja mwenye sauti ndiye anayeshika mkebe, na msichana mwenye mwandiko mzuri ndiye anayeandika. Wengine wanne wanatazama. Walimu wapendwa, wabadilishaneni kila siku, aliyeandika jana leo apime.

Na mahali pengine mtu mzima hana budi kuwa karibu. Darasa likitengeneza chujio la maji kwa chupa iliyokatwa, changarawe, mchanga na mkaa, maji ya tope hutoka yakiwa meupe na watoto hutamani kuyanywa. Wasiyanywe. Chujio hilo huzuia tope, lakini vijidudu vya kipindupindu na homa ya matumbo vyaweza kupita. Maji ya kunywa yachemshwe.

Mzazi naye ana kazi yake, ila ni ndogo. Uliza mapema kazi za muhula ni zipi, maana mbegu haioti kwa usiku mmoja. Toa mkebe, toa maharagwe, mzuie mdogo wake asiing'oe miche, na usiinyweshe kwa siri mtoto akisahau. Miche ikifa, aipeleke shuleni ikiwa imekufa, pamoja na daftari linaloonyesha ni siku gani ilianza kunyauka na alikuwa ameipa maji kiasi gani. Mwalimu anayejua kazi yake ataisahihisha rekodi hiyo kwa heshima kuliko mche wa jirani.

Ile ya kabatini nayo msiitupe ingali hai. Itoeni Jumamosi asubuhi muiweke dirishani, mtoto aitazame jioni, aitazame tena Jumapili. Majani yataanza kugeuka kijani, na mashina yataanza kujipinda kuelekea kwenye kioo.