Wito kwa Kagugu: Tuwape Watoto Kilima Wakipime



Kagugu, mtaa wetu hapa Kigali, inajengwa kila siku. Ukitoka asubuhi utakuta sepetu zinachanganya zege, na kwenye ngazi ya mbao anapanda saidia fundi, yule tunayemwita umuyede, mfuko wa saruji begani. Chini yake wanapita watoto wa sekondari, na kwenye madaftari yao ya fizikia imeandikwa kwamba kazi ni kani mara umbali. Wanampita bila kumtazama. Leo nawaomba tusaidiane ili watoto hao wasimame, wamtazame na wampime.

Hesabu yake si ngumu. Mfuko wa saruji una kilo 50. Mwalimu huwaambia watoto wahesabu newton 10 kwa kila kilo, kwa hiyo mfuko una uzito wa newton 500. Ukiupandisha ghorofani mita 3, umefanya kazi ya jouli 1,500. Lakini umuyede hapandishi mfuko peke yake. Tuseme yeye mwenyewe ana kilo 60: mwili wake nao umepanda mita zile zile, jouli 1,800. Jumla ni 3,300, na zaidi ya nusu imekwenda kumpandisha mwenye kubeba. Kati ya kila jouli 100 alizotumia kupanda, saruji imepata 45 tu. Huo ndio ufanisi, na mtoto ameuona ukitoka jasho.

Sasa fundi akifunga kapi juu na kamba ikavutwa kutoka chini, mwili unabaki chini na mfuko unapanda. Kapi moja haipunguzi kazi ya kupandisha saruji; jouli 1,500 ziko pale pale, na msuguano wa kamba unadai zake kidogo. Inachookoa ni ile safari ya mwili. Na ukishika saa, unapata jambo la tatu baada ya kazi na ufanisi: kasi ya kufanya kazi. Kijana akipanda na mfuko kwa sekunde 20, anafanya kazi ya jouli 165 kila sekunde, yaani wati 165. Mwenzake akipanda kwa sekunde 40, kazi ni ile ile, wati ni nusu.

Nimeyatenganisha mambo haya kwa sababu lugha yetu inapenda kuyachanganya. Nyumbani tunasema nguvu, au ingufu kwa Kinyarwanda, tukimaanisha misuli, umeme, hata bidii. Shuleni mtoto anatakiwa kutenganisha kani, kazi, nishati na kasi ya kufanya kazi, tena anafundishwa na kutahiniwa kwa Kiingereza. Akiwa amewahi kusimama chini ya ngazi na saa mkononi, neno la kigeni litakuta kitu cha kushika. Asipowahi, atalikariri na kulisahau wiki moja baada ya mtihani.

Na kuna siri ambayo ubao peke yake hauionyeshi vizuri. Kupasha lita moja ya maji nyuzi moja ya Selsiasi kunahitaji kama jouli 4,200. Kigali iko juu, takriban mita 1,500 na zaidi kutoka usawa wa bahari, kwa hiyo maji yetu huchemka kwenye nyuzi kama 95, hayafiki 100. Kutoka nyuzi 20 hadi 95, lita moja inameza jouli 315,000. Gawanya kwa 1,500 za mfuko wa saruji: mifuko 210. Chai ya asubuhi ya watu wanne inahitaji nishati ambayo ingepandisha mifuko 210 ghorofani!

Aliyetufundisha kuweka jasho na joto kwenye mizani moja hakuwa profesa. James Joule alikuwa mtoto wa mwenye kiwanda cha bia huko Uingereza. Miaka ya 1840 alitundika mawe ya mizani yakawa yanashuka, yakizungusha makasia ndani ya chombo cha maji, naye akisoma kwa subira jinsi maji yanavyopata joto kidogo sana. Vifaa vyake vilikuwa mzani, kipimo cha urefu na kipimajoto. Kagugu ina zaidi ya hayo: ina kilima.

Kumbe upotevu mkubwa hauko begani kwa umuyede, uko jikoni. Kilo moja ya makaa makavu ina kama jouli milioni 30. Tuseme mama amechemsha lita 3 kwa gramu 250 za makaa. Ametoa jouli milioni saba na nusu, na maji yamepokea chini ya milioni moja: kama 13 kati ya 100. Zilizobaki zimepasha ukuta, hewa na sufuria. Na maji yakishaanza kuchemka kwenye sufuria ya kawaida, kuongeza makaa hakuyafanyi yawe moto zaidi ya nyuzi zile 95. Kunayageuza mvuke tu. Maharage hayaivi haraka kwa moto mkali, yanaiva kwa kulowekwa usiku, kufunikwa na kuachiwa moto mdogo. Bibi zetu walilijua hilo. Mtoto atakayelipima ataweza kueleza kwa nini, na pengine kuunda jiko lililo bora.

Umeme nao tuutazame kwa jicho hilo. Yuniti moja unayonunua kwenye Cash Power, umeme wa kulipia kabla, ni jouli milioni 3.6, sawa na mifuko 2,400 ya saruji ghorofani. Sehemu ya umeme huo inatoka Rusumo, kwenye mto Akagera, ambako umeme wa mitambo ya megawati 80 unagawanywa kati ya Rwanda, Burundi na Tanzania. Pale ni habari ya umuyede iliyogeuzwa: maji yanashuka, na kushuka kwake kunatulipa. Taa ikiachwa inawaka mchana, kuna maji yaliyoporomoka bure.

Hata pikipiki tunazopanda zimekuwa darasa. Tangu Januari 2025, pikipiki mpya zinazosajiliwa kubeba abiria Kigali zinatakiwa kuwa za umeme. Injini ya petroli hupeleka kwenye gurudumu kama robo tu ya nishati iliyomo kwenye mafuta, au chini ya hapo. Mota ya umeme hupeleka sehemu kubwa ya ile inayotoka kwenye betri. Motari, dereva wa pikipiki hizo, anajua kwa macho betri inavyopungua akipanda mlima na abiria mnene. Hajui tu kwamba anachokisoma ni fizikia.

Basi ombi langu ni hili.

Fundi, wapokee wanafunzi siku moja ya juma, wawili au watatu kwa zamu, mbali na ngazi na vyuma. Wapime urefu, washike saa, wakuulize kilo. Wasibebe mfuko, kazi yao ni kuandika.

Mama na baba, mpe mtoto jiko kwa jioni moja. Apime makaa kabla na baada, achemshe lita zile zile mara mbili, sufuria ikiwa wazi kisha ikiwa na kifuniko. Dirisha liwe wazi, na mtu mzima awe karibu.

Mwenye duka, azima mzani wako kwa nusu saa. Motari, kabla ya kubadilisha betri, mwambie mtoto imebaki asilimia ngapi na umekwenda kilomita ngapi.

Mwalimu, mtaala wetu wa umahiri ulioanza kutumika mwaka 2016 unataka mtoto aweze kufanya, si kukariri. Yapokee madaftari ya vipimo hivi. Waache wabishane kwa Kinyarwanda na Kiswahili wakipima, kisha waandike kwa lugha ya mtihani. Ukiwa na darasa la watoto wengi, mtaa huu ni maabara isiyojaa.

Viongozi wa umudugudu, yaani kijiji chetu, Jumamosi ya mwisho ya mwezi tunakutana kwenye umuganda, kazi yetu ya pamoja. Tutabeba mawe na udongo kama kawaida. Baada ya mkutano, tuwape watoto dakika 20 watusomee tumefanya kazi ya jouli ngapi, na ngapi zimepotea.

Basi umuganda ujao uje na jembe lako, na kama una futi ya fundi nyumbani, itie mfukoni. Mtoto wa jirani yako ataihitaji.