Picha yako ikikataliwa, usiilaumu simu



Siku hizi mnunuzi wa Mpanda mjini, Tabora au Mwanza anaomba picha ya mzigo kabla hajalipa nauli. Sisi maafisa ugani nasi tunaomba picha ya jani kabla ya kufika shambani. Picha nyingi zinarudishwa, na mwenyewe anaona amedharauliwa, au anasema simu yake ni ya bei ndogo. Mimi sikubaliani na hilo. Picha nyingi ninazoletewa hazikwamishwi na simu. Zinakwama kwa sababu hazijibu swali lililoulizwa.

Hata wapiga picha wa kazi hukataliwa. Kampuni zinazouza picha mtandaoni, kama Shutterstock na Adobe Stock, hurudisha picha yenye ukungu, giza au chenga, na ya matangazo inayoonyesha sura ya mtu bila kibali chake. Kanuni hizo zinatufaa hata sisi.

1. Ukungu na giza. Futa kioo cha kamera kwa kitambaa laini kikavu. Jua liwe mgongoni mwako. Usivute picha kwa vidole, sogea wewe mwenyewe, ila usisogee mno. Gusa kioo cha simu pale penye tatizo, subiri patulie, ndipo upige. WhatsApp huibana picha ya kawaida, kwa hiyo ile muhimu zaidi itume kama faili, japo italamba bando kidogo.

2. Picha isiyo na ushahidi. Viwavijeshi vamizi vilionekana nchini mwaka 2017, na bado watu wanavichanganya na viwavi wengine. Alama zake ni Y iliyopinduliwa kichwani na madoa manne meusi yaliyokaa kama mraba karibu na mkia. Picha ya shamba zima haiwezi kuonyesha hayo. Kwenye mhogo, batobato hujikunja kwenye majani machanga, lakini michirizi kahawia itafute kwenye majani ya chini yaliyokomaa, kisha ukate mzizi tuone ndani. Magonjwa haya mawili ni ya virusi, na hakuna dawa ya kupuliza inayoyaponya. Tukikosea kuyatambua, hela yako inaishia kwenye bomba la dawa.

Kwa hiyo tuma picha tatu: shamba, mmea mmoja, na sehemu iliyoathirika, juu na chini ya jani. Andika umepanda lini na umeshapuliza nini.

3. Mzigo. Gunia lililoshonwa halisemi kitu. Chota nafaka juu, katikati na chini ya gunia, changanya, tandaza kiganja kimoja kwenye karatasi nyeupe na weka sarafu pembeni ili ukubwa wa punje uonekane. Usichambue punje nzuri peke yake, wala usitume picha ya mwaka jana au uliyookota mtandaoni. Mnunuzi akifika na kukuta vingine, atakataa mzigo na jina lako pia, na habari itafika kwa wenzake. Kumbuka unyevu na sumukuvu havionekani kwenye picha. Kiwango cha Jumuiya ya Afrika Mashariki kinataka unyevu wa mahindi usizidi asilimia 13.5, hivyo pima na uandike kipimo chako.

4. Ruhusa. Usitume sura ya kibarua, jirani au mtoto bila idhini yake au ya mzazi. Tangu 2022 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na hata bila sheria hiyo, ni adabu.

Wapo wanaosema afisa na mnunuzi waje tu wajionee. Ni kweli, picha haichukui nafasi ya kufika shambani. Lakini mashamba ni mengi, maafisa ni wachache, na viwavi havisubiri ratiba. Picha inayoeleweka ndiyo inayotuambia nani aanze kutembelewa. Ya ukungu inakurudisha nyuma ya foleni, na wewe ndiye unayebaki na hasara.

Kabla hujabonyeza kutuma, jiulize: mtu asiyelijua shamba langu ataona nini hapa? Jibu likiwa "hakuna", piga tena. Haigharimu kitu.

Kazi njema.