UHURU WA MASETLA SI UHURU WA WATU

Watoto wetu hapa Kiloleli hurudi kutoka shule wakitusimulia habari za Boston: jinsi watu walivyopanda melini tarehe 16 Desemba, 1773, wakatupa majini masanduku 342 ya chai kwa sababu ya kodi ya Mwingereza. Tunasikiliza na kucheka. Nani katika Usukuma asiyeielewa habari hiyo?

Wazee wetu hawakuwa na chai ya kutupa. Walikuwa na ng'ombe na pamba. Baada ya Vita Kuu ya Pili serikali ya kikoloni iliwaamuru walime matuta hivi na si vile, wapunguze mifugo yao, na waitolee kodi. Aliyekaidi alitozwa faini. TANU ilizaliwa tarehe 7 Julai, 1954, na haukupita muda mrefu matawi yake yakakatazwa katika Usukuma, hata ikafika 1958. Mwaka huo huo watu wa Geita walikataa baraza la mseto walilopangiwa, wakaandamana hadi Mwanza kudai haki yao, na polisi wakawatawanya. Basi kilio cha kutozwa kodi bila kuwa na mwakilishi twakijua sana.

Lakini hapo ndipo walimu wengi wanapokomea, na sisi twasema wasikomee hapo. Nani alikuwa akilia kule Boston?

Walikuwa masetla. Waingereza walijenga Jamestown mwaka 1607 juu ya ardhi yenye wenyewe. Mwaka 1619 Waafrika wakateremshwa Virginia na kuuzwa kama mbuzi wa mnadani. Mwaka 1763 Mfalme wa Uingereza alipowakataza masetla kuvuka milima ya Appalachia kutwaa ardhi zaidi ya wenyeji, walinung'unika kama walivyonung'unika juu ya kodi. (Hili halisemwi sana.) Tamko lao la tarehe 4 Julai, 1776, linasema watu wote wameumbwa sawa, na tamko hilo hilo linawaita wenyeji wa nchi washenzi. Thomas Jefferson aliyeliandika alimiliki mamia ya watumwa katika maisha yake. Katiba yao ya 1787 ilihesabu watumwa watano kama watu watatu, si ili wapate kura, bali ili mabwana zao wapate viti vingi zaidi bungeni. Utumwa ulidumu hata 1865.

Atakayesema hayo ni mambo ya kale aitazame Rhodesia. Tarehe 11 Novemba, 1965, Ian Smith na masetla wenzake walijitangazia uhuru kwa tamko lililofuata mtindo wa lile la 1776, ila maneno ya usawa wa watu wote waliyaacha. Walijua walitakalo! Tanzania haikudanganyika: mwezi wa Desemba ilivunja uhusiano na Uingereza kwa sababu haikuwazima waasi hao. Zimbabwe ilipata uhuru wa kweli mwaka 1980.

Maneno mazuri ya 1776 hatuyatupi. Elizabeth Freeman, mama aliyekuwa mtumwa Massachusetts, alisikia kwamba katiba ya jimbo lake inasema watu wote huzaliwa huru na sawa. Akamshitaki bwana wake mahakamani mwaka 1781, akashinda. Kwetu sisi mama huyo anastahili kufundishwa kabla ya masanduku ya chai, kwa kuwa aliwashika wakubwa kwa maneno yao wenyewe.

Nasi tunayo maneno yetu ya kuwashikia watu. Sheria yasema mkutano mkuu wa kijiji ukae kila baada ya miezi mitatu. Basi ukae. Mapato na matumizi yasomwe kwa sauti, shilingi kwa shilingi, na mwenye ng'ombe mia asimzibe mdomo mjane mwenye ekari moja ya pamba. Pale akina mama wanaposukumwa nyuma ya mti huku wanaume wakipitisha michango ambayo wao pia wataitoa, tofauti yetu na wale wa Boston iko wapi?

Mkutano ujao akina mama wakae mbele, na kitabu cha hesabu kiwe mezani.