Karo Halihitaji Dumu la Dawa

Juzi kwenye daladala, redio ikipiga kelele, mtangazaji aliwashauri wasikilizaji kwamba choo kikianza kunuka wamwage dumu zima la dawa kali, wafunge mlango, waache hadi kesho yake. Mzee mmoja akaongezea kuwa choo kisichonuka dawa si choo safi. Abiria wakaafiki. Nilishuka na hasira ambayo hadi leo haijatulia, kwa maana maneno hayohayo nimeyasikia kwenye vikao vya wapangaji, misibani, hata kwa mafundi bomba ambao ndio wangepaswa kutukataza.

Karo ni kitu hai. Kinyesi kizito kinazama chini, mafuta yanaelea juu, na humo ndani wamo bakteria wasiohitaji hewa, wanaoula uchafu ule usiku na mchana. Wao ndio wanaopunguza tope na kuyaacha maji yaende kwenye shimo la kunyonya. Kikombe kidogo cha dawa ya kusugulia sinki hakiwamalizi. Dumu linawaua. Wakishakufa, kinyesi hakiozi, kinajazana tu, na mwenye nyumba anayejisifu kwa usafi anaanza kuliita gari la majitaka kila mara. Kisha gharama anawabebesha wapangaji.

Najua jibu lao: bakteria ni vijidudu, na vijidudu ni magonjwa. Anayesema hivyo asubuhi kanywa mtindi, na mtindi ni kazi ya bakteria. Chakula alichokula jana bakteria wa tumboni mwake wanasaidia kukisaga. Mtu asiyejua hata kilichomo tumboni mwake hana haki ya kutufundisha kilichomo shimoni.

Hatari nyingine ni ya papo hapo. Klorini ya kung'arishia nguo ikikutana na tindikali ya kusafishia vigae, inatoka gesi inayochoma mapafu. Katika nyumba niliyowahi kupanga, dada wa usafi aliamriwa achanganye vyote viwili ili harufu iishe upesi. Tulimtoa chooni akikohoa, machozi yakimtiririka, na mwenye nyumba alichouliza ni kama sakafu imeshatakata.

Vyoo vya kuhamishika, vile vinavyokodishwa kwenye harusi na mikutano ya kampeni, navyo tumeviamini kwa sababu ya maji yao ya buluu yenye harufu kali. Kwa miaka mingi baadhi ya dawa za vyoo vya namna hiyo, pamoja na zile za matangi ya magari ya kuishi huko Marekani, zilitengenezwa kwa fomaldehidi. Hiyo ndiyo iliyomo kwenye formalini ya kuhifadhia maiti mochwari. Mwaka 2004 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliiweka katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Jimbo la California limeikataza katika dawa za vyoo hivyo, kwa sababu tangi likimwagwa sumu inaharibu makaro na mifumo ya majitaka. Hapa Dar es Salaam magari ya majitaka humwaga kwenye mabwawa kama yale ya Vingunguti, na mabwawa hayo nayo husafisha kwa nguvu ya bakteria na mwani. Tukiua bakteria wa nyumbani, tunapeleka sumu kwa wale wa mji mzima.

Watasema mbu je? Waende Makunduchi, Zanzibar. Mwishoni mwa miaka ya 1980 watafiti huko waliweka punje nyepesi za plastiki nyeupe, kama zile za kufungashia televisheni, juu ya maji ya vyoo vya shimo. Zilielea, zikaufunika uso wa maji, na mbu wanaoeneza matende na mabusha wakakosa pa kuzalia. Hakuna dawa iliyomwagwa kila wiki.

Harufu nayo ina dawa yake, nayo ni bomba la hewa. Zimbabwe walilithibitisha tangu miaka ya 1970: bomba refu, wavu juu yake, upepo ukipita unavuta harufu, na nzi wanaoufuata mwanga wanakwama wavuni. Lakini sisi tunajenga nyumba zenye geti la kifahari na taa za rangi, halafu tunalikata bomba la hewa kwa kuwa eti linaharibu sura ya nyumba. Gesi ikirudi ndani, tunakimbilia dawa.

Na tunauziwa nini? Chupa ya maji ya kunywa iliyojazwa upya, haina lebo, haina jina la kilichomo, inatembezwa barabarani juani na kijana asiye na glavu. Wanaoingia shimoni kupakua kinyesi kwa ndoo wanaikanyaga dawa hiyo miguu mitupu. Shirika la viwango, TBS, na halmashauri zianze na chupa hizo: isiyoandikwa kilichomo isiuzwe. Redio nayo imlete mhandisi wa majitaka kipindi kilekile cha asubuhi, imwache aseme hadi amalize.