Mahindi Yaingie Nyumbani Kabla ya Mvua

Hili ni hasa kwenu ninyi wa Trans Nzoia na Uasin Gishu. Leo sina mahubiri marefu. Asubuhi nimepita barabarani nikiangalia mashamba. Mahindi mengi yamekauka na bado yamesimama. Mengine yamekatwa, lakini yamelala chini yakigusa udongo. Halafu nafungua simu nakuta ujumbe: "Pastor, tuombee Mungu azuie mvua angalau wiki mbili."

Mpendwa, nitakuombea. Nitakuombea nguvu za mikono, vibarua waaminifu, na mashine ya kupukuchua isiyoharibika njiani. Lakini kuzuia mvua, hapana. Jirani yako aliyepanda maharagwe anaingojea. Ndugu zetu wa Ukambani wanategemea mvua za Oktoba hadi Desemba kuliko hata zile za Machi. Kila mtu akiomba mbingu zifuate ekari zake, tutafika wapi?

Fungua 1 Wafalme 18, soma kuanzia mstari wa 41. Nchi ilikuwa imekaa miaka mitatu na nusu bila mvua. Eliya ameinama anaomba, mtumishi wake anapanda na kushuka kuangalia bahari. Mara ya saba anaona kawingu kadogo, ukubwa wa kiganja. Na Eliya anafanya nini? Anamtumia Ahabu ujumbe afunge gari lake ateremke upesi, asije akakwama kwa mvua. Yule aliyeomba mbingu zikafunga, akaomba zikafunguka, ndiye huyo anayemwambia mwenzake aharakishe. Wewe unaona mawingu juu ya Mlima Elgon kila saa tisa mchana, makubwa kuliko kiganja chochote, na bado unasema Jumatatu ijayo!

Hata Paulo. Yuko kifungoni Roma, anamwandikia Timotheo amletee joho aliloacha Troa kwa Karpo, na anamsihi afike kabla ya majira ya baridi (2 Timotheo 4). Meli za wakati ule karibu zote zilitia nanga baridi ikiingia. Timotheo akichelewa kidogo tu, mzee anaumia kwa baridi miezi kadhaa. Hapo hakuna pepo wa kukemea. Kuna kalenda.

Sasa nisikilizeni kwa makini, kwa sababu hili ni jambo la uhai. Mahindi yaliyonyeshewa yakawekwa stoo yakiwa na unyevu huota kuvu, na kuvu ile hutoa sumu ya aflatoksini inayoharibu ini. Kupika ugali hakuiondoi. Mwaka wa 2004, kule Makueni, Kitui na sehemu za jirani, watu 317 waliugua na 125 wakafa kwa kula mahindi ya namna hiyo, mengi yakiwa ya mashamba yao wenyewe, yamehifadhiwa nyumbani mwao. Usiseme utampa ng'ombe yaliyooza. Sumu hiyo hupita kwenye maziwa, na maziwa anakunywa mtoto wako.

Kwa hiyo usianike kwenye udongo, anika juu ya turubai. Ghala la serikali linataka unyevu usiozidi asilimia 13.5. Kama huna kipimo, chukua chupa ya glasi iliyo safi na kavu kabisa, tia mahindi hadi robo, ongeza vijiko vichache vya chumvi kavu, funga, tikisa vizuri, uache kama dakika kumi na tano. Chumvi ikinata kwenye glasi, mahindi hayajakauka. Isiponata, unyevu uko chini ya asilimia 15, lakini bado yape jua zaidi kabla ya kufunga gunia. Mama zetu wengi wanajua kwa kuuma punje kwa jino, na siwapingi, ila chumvi haina haraka ya kuuza.

Tena usimkimbilie broka kwa woga wa mvua. Anakuja shambani akijua umechelewa, anataja bei, na mwezi wa Mei utanunua gorogoro kutoka kwake kwa bei ambayo sitaki hata kuiandika hapa. Karo ya Januari imo ndani ya yale magunia.

Na sasa neno kwa wachungaji wenzangu, mnivumilie. Tunapanga semina, kesha na mikutano ya katikati ya wiki mwezi uleule watu wanavuna, kisha tunashangaa viti vikiwa vitupu na tunawaita waumini vuguvugu. Mama mjane anaacha ekari yake moja ikinyeshewa ili asionekane amerudi nyuma. Hiyo si ibada anayoitaka Mungu. Sheria ya Musa ilipanga sikukuu zifuate mavuno, mavuno hayakuambiwa yafuate sikukuu. Kuna wanaosema sadaka itashuka. Ishuke. Muumini akipoteza magunia kumi, fungu la kumi utalitoa wapi?

Kwetu sisi, kesha la Ijumaa hii na lijalo hayapo. Ibada ya Jumapili itaanza saa mbili na kuisha saa nne, jua likiwa bado lina kazi. Vijana, tunakutana kanisani Jumamosi saa kumi na mbili unusu asubuhi, na tutaanza na mashamba ya wajane na wazee wasio na watu nyumbani. Njoo na panga, gunia tupu, na turubai kama unalo. Akina mama wa jikoni wameshasema chai na githeri vipo.

Ninyi mlio Nairobi, Mombasa, na mnaofanya kazi Qatar na Saudia, piga simu nyumbani leo jioni. Usiulize tu kama wako salama. Uliza mahindi yako wapi, kisha lipa vibarua wa siku mbili. Mwenye mashine ya kupukuchua anayeweza kutusaidia Jumamosi, niandikie inboksi kabla ya Alhamisi usiku.