Kichaka Kilichoota Upya Si Pori la Bure



Kama asili yako ni Karagwe au Kyerwa, nawe unafanya kazi mjini na kurudi nyumbani mara moja kwa mwaka, huenda umekwisha kuulizwa na wazee swali hili: lile pori lililoota kwenye eneo la marehemu babu tulifanyeje? Mmoja hushauri lifyekwe lote, kwa kuwa pori ni aibu ya ukoo. Wa pili hutaka liuzwe kwa wachoma mkaa. Wa tatu husema liachwe tu, litajitunza lenyewe. Makala ya Jumapili hii inakusudia kueleza kwamba majibu yote matatu yana kasoro, na kwamba lipo jibu la nne lenye manufaa kwa mwenye ardhi na kwa wanyama pia.

Kwanza tuwatendee haki wazee wanaolichukia pori, maana chuki yao ina historia. Mwingereza Speke alipofika kwa Mfalme Rumanyika wa Karagwe mnamo Novemba 1861, alikuta nchi ya vilima vya nyasi na ng'ombe wengi. Miaka thelathini baadaye, mwanzoni mwa miaka ya 1890, ugonjwa wa sotoka ulipita Afrika Mashariki na kuteketeza mifugo. Ng'ombe walipokwisha, hapakuwa tena na wa kula nyasi wala wa kukanyaga miche. Vichaka vikaota, wanyama wa porini wakafuata, na nyuma yao wakaja mbung'o, ambao huwaambukiza ng'ombe nagana na binadamu malale. Mtaalamu John Ford, aliyefanya kazi Karagwe wakati wa ukoloni, aliueleza mfuatano huo katika kitabu chake cha mwaka 1971. Kwa hiyo mzee anayesema pori ni adui hasemi upuuzi. Anakumbuka yaliyowapata wazazi wake.

Hata hivyo, ardhi ile ile iliyowashinda wafugaji ndiyo iliyokuja kuwa hazina ya wanyama. Huko magharibi mwa Kagera yalitengwa mapori ya akiba ya Biharamulo, Burigi, Kimisi, Ibanda na Rumanyika-Orugundu. Tofauti yafaa ieleweke hapa. Katika pori la akiba, uwindaji kwa kibali huweza kuruhusiwa, na kambi ya wawindaji huweza kujengwa. Katika hifadhi ya taifa hakuna kuwinda kabisa. Mwaka 2019 mapori hayo matano yaligeuzwa kuwa hifadhi za taifa tatu: Burigi-Chato yenye kilometa za mraba 4,707, Ibanda-Kyerwa na Rumanyika-Karagwe. Tangu hapo mgeni huingia humo na kamera, si bunduki.

Lakini elimu ya mwindaji mzuri haifai kutupwa pamoja na bunduki yake. Mwenye kambi ya uwindaji alijua kwamba riziki yake inategemea kichaka kinachoizunguka kambi. Ilimbidi ajue mambo matatu: mnyama anakula wapi, anajificha wapi na anakunywa wapi. Likikosekana moja kati ya hayo, mnyama huhama. Kipimo hicho hicho ndicho anachokihitaji leo mwenye ardhi jirani na hifadhi.

Tuseme basi ni mnyama gani. Katika hadithi za Ulaya zilizotafsiriwa tumezoea kusoma juu ya kulungu au paa mwenye pembe za matawi. Yule si wa kwetu. Pembe zake huanguka kila mwaka na kuota nyingine, na katika Afrika nzima jamaa yake wa asili hupatikana kaskazini tu, kama Algeria na Tunisia. Wa kwetu ni jamii ya swala, ambao pembe zao hazianguki. Yupo pongo, ambaye wengine humwita mbawala na Wanyambo humwita engabi. Huyu hupenda kichaka kizito karibu na maji, na hula majani na machipukizi. Yupo swala pala, anayekula nyasi na majani pia. Yupo nyamera, anayetaka uwanda wa nyasi fupi. Na katika mafunjo yupo nzohe, mwenye kwato ndefu za kukanyagia matope, ambaye jina lake la kisayansi linamkumbuka Speke kwa sababu ya safari ile ya Karagwe.

Ukiitazama orodha hiyo utaona kwa nini kufyeka lote ni kosa: pongo hana pa kulala. Utaona pia kwa nini kuacha lote ni kosa. Kichaka kisichoguswa hufunga, matawi hupanda juu, kivuli huua nyasi, na majani mabichi hubaki mahali ambapo hakuna swala anayefika. Pori huonekana zuri kwa mbali, kumbe kwa mnyama ni ghala lililofungwa.

Jibu la nne ni kukata kwa zamu. Gawanya eneo lako katika vipande. Mwaka huu punguza kipande kimoja, mwaka ujao kingine, hata utakaporudi kwenye cha kwanza utakikuta kimekwisha kuota. Kwa njia hiyo daima patakuwapo mahali penye machipukizi ya kimo cha mdomo wa mnyama, na mahali pengine penye maficho. Usikate vichaka vya makorongoni, vya kandokando ya vijito, wala vilivyo juu ya vichuguu. Hayo ndiyo malazi.

Katika kipande unachopunguza, using'oe visiki. Huko Dodoma wakulima wanaitumia njia iitwayo kisiki hai: kisiki kikitoa machipukizi mengi, huchagua machache yaliyonyooka na yenye nguvu, huyakata mengine na kupogoa matawi ya chini. Mizizi ya zamani hulisha chipukizi changa, nao mti hukua upesi kuliko mche uliopandwa jana. Yanayokatwa ni kuni za mama na fito za kujengea. Huko Shinyanga, mradi wa Hifadhi Ardhi ulioanza mwaka 1986 uliirudisha miti kwa kuufufua utaratibu wa Wasukuma wa ngitili, yaani malisho yaliyofungwa kwa muda maalumu.

Moto nao una saa yake. Moto wa mwisho wa kiangazi, nyasi zikiwa zimekauka kabisa, huua miche na kuunguza hata miti mikubwa. Moto mdogo wa mwanzoni mwa kiangazi, ukiwashwa kipande kwa kipande kwa idhini ya serikali ya kijiji na watu wakiulinda, hupita haraka na kuacha nyasi changa. Na kuhusu mbung'o, siku hizi vipo vitambaa vya buluu na vyeusi vilivyotiwa dawa. Si lazima tena kufyeka nchi nzima ili kumwokoa ng'ombe.

Ni lazima niseme wazi kwamba haya yote yanahusu ardhi yako, au msitu uliotengwa na kijiji chini ya Sheria ya Misitu ya mwaka 2002. Ndani ya mipaka ya hifadhi, panga halina ruhusa. Wala kichaka kizuri hakimpi mtu haki ya kutega nyaya. Mtego wa waya hauchagui. Humnasa jike mwenye mimba kama unavyomnasa dume. Chini ya Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2009, kuua bila kibali ni kosa la jinai. Anayetamani nyamapori aitafute katika mabucha yenye leseni, ambayo kanuni za mwaka 2020 ziliyaruhusu.

Huenda wewe wa mjini unajiuliza, haya yananihusu nini? Yanakuhusu kwa sababu mara nyingi neno la mwisho juu ya ardhi ya ukoo hutoka kwa mwenye mshahara. Kambi za wakimbizi zilizofunguliwa Kagera mwaka 1994 zilitufundisha jinsi vilima vinavyoweza kuvuliwa miti kwa muda mfupi, watu wengi wanapohitaji kuni kwa wakati mmoja. Zilipofungwa mwishoni mwa mwaka 1996, visiki vilipata nafasi ya kuchipua. Mchoma mkaa akija na fedha taslimu, atanunua kwa siku moja kilichoota kwa miaka ishirini na zaidi.

Kwa hiyo utakapoulizwa safari ijayo, usijibu kwa simu. Nenda ukalitembee pori hilo pamoja na wazee na vijana, mtazame ziliko nyayo, yaliko malazi na yaliko maji. Kisha wekeni alama: hapa tunakata mwaka huu, hapa mwakani, na hapa hatugusi. Itawachukua asubuhi moja tu.